Alipotulia, Tulishukuru

Zamani Mkoani, Pemba, mtu akichanganyikiwa alikuwa na safari tatu mbele yake. Ya kwanza ilikuwa fupi, hadi kwa mwalimu wa chuo. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaikosha kwa marashi mawaridi, na mgonjwa akanywa kombe lake. Ya pili ilikwenda shamba kwa mganga, usiku, na ubani na jogoo, kumuuliza pepo jina lake, kabila lake na anachokitaka. Ya tatu ilishuka bandarini, na hii ndiyo iliyoogopwa. Mgonjwa alipandishwa meli ya Serikali, MV Mapinduzi au MV Maendeleo, akiwa baina ya ndugu wawili wenye nguvu, akavushwa hadi Unguja, Kidongo Chekundu, hospitali pekee ya magonjwa ya akili Zanzibar nzima. Aliyeshuka gatini akirudi kutoka huko hakuulizwa habari za safari.

Ajabu ni kwamba huku sisi tukiwavusha wagonjwa wetu, watu wa mbali walikuwa wakija kwetu kutafuta uganga. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake Remote People cha mwaka 1931, aliitaja Pemba kuwa kisiwa kilichosifika kwa uganga hata kikafuatwa na watu kutoka nchi za maziwa makuu. Sifa hiyo haijafa. Mpaka leo ukijitambulisha Dar es Salaam kuwa wewe Mpemba, hakosi mtu wa kukuuliza, nusu mzaha nusu kweli, kama unamjua mganga wa kuaminika. Mtu angedhani kisiwa chenye uzoefu huo wote wa mapepo na wazimu kingejua namna ya kumwangalia mgonjwa wake. Kwa upande mmoja kilijua. Upande wa pili ndio uliomgharimu ami yangu, mdogo wake baba, Mungu amrehemu.

Ami alikuwa hodari wa mikarafuu. Msimu ukiingia, mti wa kwanza kupandwa ulikuwa wake. Alipanda wenzake bado wako kwenye uradi wa alfajiri, akashuka jua likizama, na baada ya isha akakaa ukumbini na taa ya chemni akichambua, karafuu huku, makonyo huku, mpaka usiku wa manane. Vidole vilikuwa vyeusi na nyumba nzima ikinukia. Wazee waliwapigia vijana mfano: mtazameni mwenzenu. Kwamba mtu huyo alikuwa halali zaidi ya saa mbili, na kukikucha hana hata mwayo, kulihesabiwa kuwa ni baraka.

Kisha baraka ikapita kiasi. Maneno yakawa yanamtoka kwa kasi, hili halijesha lile limeshaingia. Akawa na mipango: kununua meli ya kushindana na ya Serikali, kuchimba visima Makoongwe, kufungua chuo chake mwenyewe. Usiku mmoja alipaka chokaa kuta za mbele za nyumba tatu za jirani, kwa mwanga wa taa, bila ya kuombwa na mtu. Kulipokucha alikutwa amekaa barazani, kanzu imetapakaa chokaa, anangoja shukrani. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Hata mbao za madirisha hakuzigusa. Jirani mmoja alicheka, wa pili alikasirika, wa tatu akamtilia chai. Hakuna aliyesema huyu anaumwa, kwa sababu mgonjwa wa akili kwetu alikuwa aliyevua nguo njiani au anayerusha mawe.

Wiki ileile aliuza mavuno yake ya misimu miwili ambayo hata haijaingia. Karatasi ya mauzo niliiona baadaye mikononi mwa baba. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la mistari. Hati yake nzuri ya chuoni ilikuwa imeinama kwa haraka, majina ya mashahidi wawili yakafuata, na chini kabisa kulikuwa na sahihi iliyopigiwa mistari mitatu. Bei haikufika nusu ya thamani. Mnunuzi hakuwa tapeli. Alimuuliza ami kama ana hakika, na ami akampigia hesabu za faida kwa ufasaha mpaka yule bwana akaona kwamba yeye ndiye anayependelewa.

Siku chache baadaye, usiku, alimpa mkewe talaka tatu kwa mpigo. Mkewe alifunga nguo zake kwenye kanga na kupanda gari ya asubuhi kwenda kwao Kengeja, na mtoto mgongoni.

Wazee walikaa kulizungumza jambo hilo pamoja na shehe wa mtaa. Fikihi yake inajulikana: aliyeondokewa na akili kalamu haimwandikii mpaka azindukane, na talaka yake haipiti. Lililobaki lilikuwa swali moja, kama usiku ule ami alikuwa na akili zake au hakuwa nazo. Wakamwita. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akatoa salamu kamili, akajibu kila alichoulizwa. Alitaja siku, saa, jina la mkewe na la baba wa mkewe, kisha akatoa sababu zake moja baada ya moja. Mtu anayepanga hoja namna hiyo, walisema wazee, ana akili timamu. Talaka ikapita. Katika maswali yote waliyouliza, hakuna aliyeuliza mtu huyu amelala lini mara ya mwisho.

Kabla ya eda kwisha, ami alinyamaza. Karafuu za wenzake zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi njia nzima, na yeye yuko chumbani anaangalia ukuta. Haogi mpaka aambiwe. Chakula anakimega mara mbili, ananawa. Alipotajiwa mkewe alisema, "Nimestahiki," na hakuongeza neno. Bibi akikaa barazani watu wakimuuliza hali ya mwanawe, naye huwajibu, "Alhamdulillahi, katulia." Majirani wakishukuru pamoja naye. Mwalimu aliyemnywesha kombe baada ya talaka akapelekewa sadaka yake, mganga naye akalipwa kilichobaki, na kila mmoja akajihesabia ushindi, maana kelele zimekwisha. Kimya kile kilikaa miezi. Kila uliporudi ugonjwa, katika maisha yake yote, kimya kilikuwa kirefu kuliko kelele zilizokitangulia.

Madaktari wanauita ugonjwa huu baipola. Una ncha mbili. Katika mania mtu hulala kidogo na hachoki, husema sana, hutumia pesa na kutoa ahadi bila ya kujizuia, na hujiona hakuna asiloliweza. Ikizidi, huona na kusikia yasiyokuwapo. Katika sonona vyote hivyo hugeuka: nguvu, hamu, usingizi, mpaka sababu ya kuishi. Wengi hudhani mgonjwa wa baipola ni yule anayecheka asubuhi akalia jioni. Sivyo. Mania huweza kukaa wiki au miezi, sonona mara nyingi hukaa zaidi, na baina ya vipindi hivyo mtu anaweza kuwa mzima kabisa, akafanya kazi na akalea watoto wake. Kwa kawaida huanza katika ujana au miaka ya ishirini na kitu, yaani wakati hasa watu wanapooa, kuolewa na kuanza kushika mali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 ulimwenguni walikuwa wakiishi nao.

Mwaka 2002 daktari wa Marekani Lewis Judd na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wa baipola kwa karibu miaka 13, wiki kwa wiki. Wagonjwa wale walikuwa na dalili takriban nusu ya wiki zote, na wiki za sonona zilikuwa zaidi ya mara tatu ya wiki za mania. Ukizisoma hesabu hizo unamwona bibi barazani. Ile sehemu kubwa ya ugonjwa, iliyokula miaka mingi ya mwanawe, ndiyo iliyopokewa kwa alhamdulillahi.

Na katika sonona ndimo mgonjwa anapoweza kutupotea. Hatari ya kujiua kwa wenye baipola hukadiriwa kuwa mara 20 hadi 30 ya watu wengine. Kwetu kifo cha namna hiyo hakitajwi. Husemwa ajali, na wanaojua huinamisha macho. Ami hakufa hivyo. Alikufa kwa presha kabla ya kufikia miaka 60, na hilo pia haliko mbali na maradhi yake. Wenye baipola kwa wastani hufa mapema kwa miaka 10 au zaidi, wengi kwa maradhi ya moyo na mishipa, kwa sababu mtu ambaye kila mmoja anamwangalia akili hakuna anayekumbuka kumpima presha.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Mfaransa Jean-Pierre Falret aliueleza wazimu huu unaozunguka mwaka 1854. Mjerumani Emil Kraepelin aliutenga na magonjwa mengine ya akili mwaka 1899. Na mwaka 1949, huko Australia, daktari John Cade alichapisha habari za wagonjwa 10 wa mania aliowapa chumvi ya lithiamu, madini tu yanayotoka ardhini. Mmoja wao alikuwa na mania isiyokatika kwa miaka mitano. Alipata nafuu akarudi kazini. Mogens Schou wa Denmark, aliyekuwa na ndugu yake mwenye sonona ya kurudiarudia, akaendeleza majaribio kuanzia miaka ya 1950, na Marekani ikaidhinisha dawa hiyo mwaka 1970. Ami alizaliwa baada ya Cade kuchapisha matokeo yake. Dawa ilimtangulia duniani. Alipokuwa akipaka chokaa nyumba za watu usiku, ilikuwa imeshatumika nchi nyingine zaidi ya miaka 30.

Sisemi kwamba kidonge kingemaliza kila kitu. Yule mgonjwa wa Cade aliyerudi kazini alikufa mwaka 1950 kwa sumu ya lithiamu ileile, kwa sababu kipimo kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana sana. Siku hizi damu hupimwa ili dawa ikae baina ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na mtu akiharisha, akitoka jasho jingi au akikosa maji, kiwango hupanda. Bila ya maabara ya kupima mara kwa mara, daktari huogopa kuiandika, na ndiyo maana katika vituo vingi vya Afrika Mashariki ni nadra kuikuta. Wagonjwa wengi hupewa dawa za kifafa zinazotuliza pia mania, kabamazepini au valproeti, au haloperidoli. Nazo zina masharti yake. Valproeti ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, na msichana anayeozwa huku jamaa zake wakimficha mume kwamba anatumia dawa hukosa mtu wa kumwambia hivyo kwa wakati.

Wanawake, kusema kweli, zamani hata safari zile tatu hawakuzipata zote. Mwanamume akichanganyikiwa alikuwa njiani na kila mtu alimwona. Mwanamke alikuwa chumba cha ndani. Mama aliyejifungua kisha usingizi ukamruka, akawa anasema peke yake, alisemwa ana pepo la uzazi na mlango ukafungwa. Leo inajulikana kwamba mwanamke mwenye baipola yuko katika hatari kubwa ya kuugua akili katika wiki za mwanzo baada ya kuzaa, na kwamba akitibiwa mapema hupona na kumlea mwanawe. Wakati ule mtoto alipewa shangazi, na mama akabaki na jina.

Hata hivyo wazee wetu walikuwa na lao. Mwaka 1999 Mmarekani Juli McGruder alikamilisha tasnifu katika Chuo Kikuu cha Washington kuhusu familia tatu za Zanzibar zilizokuwa na mgonjwa wa skizofrenia, na mwaka 2010 mwandishi Ethan Watters akazieneza habari zake katika kitabu Crazy Like Us. McGruder aliona jambo ambalo sisi tuliokulia humo hatukulihesabu kuwa ni jambo. Nyumba iliyoamini pepo haikumlaumu mgonjwa. Pepo huja, huondoka. Akiondoka, mtu hurudi nafasi yake bila ya kudaiwa maelezo. Hakuna aliyemshika mgonjwa kwa maneno makali kila saa wala kumhimiza ajikaze. Utafiti wa nchi nyingine umeonesha kwamba lawama na ghadhabu za nyumbani humrudisha mgonjwa wa akili hospitali haraka, na mwenye baipola naye yumo.

Ndivyo alivyokaa ami. Nafasi yake katika safu ya msikiti ilibaki, aje asije. Akija na kelele, wenzake walimwachia aseme mpaka achoke. Harusini alipelekewa sahani yake ya pilau kama wengine. Deni la mavuno ndugu zake walilibeba, msimu baada ya msimu, na sikumsikia hata mmoja akimtajia. Minyororo niliiona kwa wengine, shamba, na sitaki kuifunika kwa maneno mazuri. Lakini ami hakufungwa hata mara moja, na alikufa ndani ya nyumba aliyozaliwa.

Tatizo ni kwamba ustahamilivu uleule ndio uliotufumba macho. Watu waliozoea kumwachia mtu na kelele zake walimwachia na kimya chake pia. Tukadhani tunampa faragha. Mtu wa kumkalia kitako, kumlazimisha kula, kumuuliza anawaza nini, hakuwapo, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kustahamili. McGruder aliusifu utulivu wa nyumba zetu, na aliusifu kwa haki. Nyumba tulivu hata hivyo haitambui upesi kwamba mmoja wake anazama.

Leo Mkoani ina Hospitali ya Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Kuna wauguzi waliosomea afya ya akili, na mgonjwa anaweza kupanda gari ya abiria ya 603, akahudhuria kliniki Chake Chake akarudi kabla ya adhuhuri. Boti ya kasi ya kwenda Unguja hutumia saa chache. Ugonjwa una jina, na jina hilo watu wanalisikia redioni. Mkenya Sitawa Wafula, anayeishi na kifafa na baipola, amesimama hadharani miaka mingi akieleza maisha yake mwenyewe, jambo ambalo katika utoto wangu lisingesemwa hata na jamaa wa mgonjwa, seuze mgonjwa.

Lakini zamani kila kitu kilikuwa pepo, na leo kila kitu kimekuwa dawa za kulevya. Kijana akianza kusema sana na kukesha, mtaa unamaliza hukumu kwa neno moja: anatumia. Baadhi wanatumia kweli, na bangi inaweza kumwamshia mtu mania iliyomo damuni mwake. Wengine hawajagusa kitu. Pepo hata hivyo alimwachia mgonjwa heshima yake, kwa kuwa makosa yalikuwa ya pepo. Ukiambiwa unatumia, makosa ni yako. Na zipo simu. Mtu akipandisha marikitini, kabla ya ndugu yake kufika video imeshafika Muscat. Ami alipaka chokaa nyumba tatu na waliomwona walikuwa wa njia moja. Baada ya mwaka walikuwa wakilitaja jambo hilo kwa kucheka naye.

Watu wa kukaa barazani wenyewe wamepungua. Wako Dar, wako Mombasa, wako Oman, wanatuma pesa za dawa na kuuliza kwa sauti za simu: kameza? Kumeza kumekuwa ndio uuguzi wote. Anayebaki na mgonjwa ni mama mmoja, au dada mmoja.

Kwetu amebaki dada yangu. Ugonjwa huu hupita katika damu bila ya kufuata njia iliyonyooka, na baada ya ami ulimruka baba, ukaturuka sisi, ukamshukia mpwa wangu, mvuvi. Alikuwa akivua usiku. Bahari ya giza la mwezi inalipa, na vijana hukaa usiku baada ya usiku wakilala mchana usingizi wa vipande. Kukosa usingizi si dalili ya mania tu. Kwa mwenye ugonjwa huu kunaweza kuiwasha. Alipopandisha mara ya kwanza, dada yangu alipewa ushauri wa kila aina. Aliyemsaidia alikuwa yule wa Kengeja, aliyekuwa mke wa ami. Alikuja kumjulia hali kijana, akakaa mkekani, akauliza swali moja tu:

"Kalala?"

Dada yangu akasema hajui.

"Basi mhesabie, mwanangu. Mie ami yenu kabla ya kuniacha alikesha siku nne, na nilijua kuwa si yeye. Wazee walikaa, shehe akaja, wakamuuliza yeye. Mie hakuna aliyeniuliza."

Alilisema bila ya uchungu, huku akipokea kikombe cha chai. Tangu talaka ile ipite ilikuwa imeshapita miongo mitatu, na ushahidi ulioweza kuipindua ulikuwa Kengeja siku zote, umbali wa gari moja ya asubuhi.

Dada yangu akanunua daftari. Kila siku huandika saa alizolala mwanawe, alichokula, dawa aliyomeza. Mpwa ameacha uvuvi wa usiku, na kwa hilo kipato kimepungua; sasa anaondoka alfajiri na mashine ya boti anayoimiliki mwenyewe. Ramadhani ndiyo ngumu zaidi. Daku, tarawehe na baraza za usiku humvunjia usingizi, na mwaka mmoja aliacha vidonge vya mchana kwa sababu amefunga, bila ya kumuuliza mtu, na Idi ikamkuta kapandisha. Siku hizi kabla ya mwezi kuandama huenda kliniki, vidonge vikapangwa vya futari na daku, na imamu wake mwenyewe amemwambia kwamba mgonjwa akizuiwa kufunga na tabibu, ruhusa ya kutofunga haikutolewa kwa bahati mbaya.

Mwaka jana, akiwa mzima, mpwa wangu alikaa na mama yake na dada yake wakaandikiana karatasi. Akilala chini ya saa nne kwa siku mbili mfululizo, dada yake anachukua mashine ya boti na simu yenye pesa. Hakuna kinachouzwa, hakuna posa wala talaka itakayosikilizwa, mpaka aonwe kliniki. Kifungu cha pili alikileta mwenyewe. Akikaa ndani, chakula akikiacha, maneno yakimwishia, apelekwe kliniki vilevile, asingojewe.

"Nikipiga kelele mtanijia wote," alisema. "Mie nataka mje nikinyamaza."

Akatia sahihi, na dada yake akatia ya ushahidi. Karatasi haina nguvu ya mahakama, na inapojaribiwa haina raha. Vuli iliyopita alipandisha, akapata mnunuzi wa mashine kwa bei ya kutupa. Dada yake aliihamisha usiku kwa jirani, mnunuzi akarudi mikono mitupu, na mpwa wangu akamnunia dada yake mwezi mzima, hata salamu hampi. Kimya kilipofuata, mama yake hakumshukuru mtu. Alimpeleka kliniki siku ya tatu. Sasa anavua. Mashine ni ileile.